Wazee wa Masasi na Nachingwea: Dr. Stirling aliingiaje siasa akiwa bado na wagonjwa?

Tabibu wa Chiungutwa

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, habari za leo.

Mimi ni tabibu kwenye zahanati moja ya kijiji huku wilaya ya Masasi, jina lake tuliache. Tupo wawili tu, mimi na muuguzi mkunga, pamoja na mhudumu wa afya wa jamii anayekuja siku za kliniki ya watoto. Msimu wa korosho ndiyo balaa. Malipo ya mnada yakishaingia, pikipiki mpya zinajaa barabarani na majeraha nayo yanajaa kwangu. Juzi usiku nimemshona mtu paji la uso kwa tochi ya simu iliyoshikwa na shemeji yake, naye mkono unamtetemeka, mwanga unakwenda huku na huku, kila nikitaka kuchoma sindano giza linaingia. Betri ya sola imekufa. Chanjo tunazifuata kituo cha afya asubuhi na kibebeo, jioni tunazirudisha.

Sasa suala lenyewe. Wazee wa kata wamenijia, wananitaka nitie nia ya udiwani. Hoja yao ni kwamba mimi ndiye ninayejua nani ana kisukari na nyumba ipi haina choo, hivyo nikasemee huko halmashauri. Mke wangu hataki hata kusikia. Katika mazungumzo hayo mzee mmoja wa Kimakua akatupa jambo ambalo limenikaa kichwani: "Mbona Dokta Stirling alikuwa mganga wa Lulindi hapa hapa, akaingia bungeni, akawa waziri?" Nimezaliwa Masasi, nimesoma Masasi, nimepita chuo cha uganga, na jina hilo hakuna mwalimu aliyewahi kulitaja mbele yangu.

Wanaojua naomba mnisaidie. Alikuwa nani hasa? Aliwaacha wagonjwa ndipo akaingia siasa, au alibeba vyote viwili? Na je, alichokipata huko kiliwafaa waliobaki kitandani? Mambo ya vyama naomba yasiingie humu, najua mtanishinda.

Bodaboda Mkuti

Chukua fomu kaka, posho ya kikao ni posho. Ila ukipita usiikimbie sindano. Mwenzio mmoja alinishona kidevu akiwa na haraka ya kuwahi kikao, mpaka leo ndevu zinaota upande mmoja.

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

Marahaba mwanangu. Huyo mzee ana kumbukumbu nzuri, mshikilie. Mimi nimestaafu uuguzi, na mama yangu alijifunza kazi hiyo hiyo Mnero, kwa hiyo jina la Stirling nimelisikia nyumbani kabla sijajua kusoma. Nitakueleza kwa mpangilio wangu, ukichoka pumzika kisha uendelee.

Leader Stirling alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa 1906. Alikuja Tanganyika mwaka 1935, daktari mpasuaji wa misheni ya UMCA, yaani Waanglikana, dayosisi ya Masasi. Askofu alikuwa Vincent Lucas, yule aliyewawekea Wakristo jando lao badala ya kuwakataza. Stirling akapelekwa Lulindi. Usiione akilini hospitali ya matofali na mabati. Ilikuwa miti, udongo na nyasi. Umeme hakuna, na masika barabara inakatika. Daktari wa mahali kama hapo hana mtu wa kumpa rufaa. Mimba iliyokwama, ngiri iliyojinyonga, mguu ulioliwa na kidonda, vyote vinaishia mezani kwake, na asubuhi ana foleni ya wenye homa kama uliyonayo wewe.

Alikaa huko hadi 1949. Mwaka huo akawa Mkatoliki, akahamia kwa Wabenediktini, hospitali ya Mnero, huku kwetu Nachingwea. Leo mtu akihama dhehebu majirani wanasema wiki moja wanasahau. Zamani zile misheni zilikuwa zimegawana nchi kama watu waliopimiana mashamba: Masasi na Lulindi za Waanglikana, Ndanda na Mnero za Wabenediktini. Daktari kuvuka mpaka huo ilikuwa habari. Na alivuka wakati Nachingwea yenyewe imejaa matrekta ya ule mpango wa karanga wa Waingereza, reli inajengwa, bandari ya Mtwara inajengwa, karanga zenyewe hazioti. Mpango ukafa 1951. Hospitali ya Mnero ikabaki.

Sasa siasa. Mwaka 1958 TANU walikutana Tabora mwezi Januari kuamua kama washiriki ule uchaguzi wa kura tatu. Mpiga kura mmoja alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Ukiacha moja, kura yako imeharibika. Na hukuruhusiwa kupiga kura mpaka uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu, au cheo kinachotambuliwa, ndiyo maana wengi waliona ni tusi. Mwalimu Nyerere akawashawishi waingie. Wakishaingia, maana yake TANU inahitaji Wazungu na Waasia wa kusimama nao: ndipo unasikia majina kama Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal. Huku Kusini alikuwepo mpasuaji wa Mnero. Akapita bila kupingwa.

Hapa ndipo swali lako lilipo. Hakuacha wagonjwa. Alibaki Mnero mpaka 1964, kisha akaenda hospitali ya Kibosho kule Kilimanjaro mpaka 1969. Zaidi ya miaka kumi alikuwa mbunge na bado ni daktari wa wodi. Uwaziri ulikuja baadaye sana, 1975, Mwalimu alipompa Wizara ya Afya, naye ana miaka 69. Akaishika hadi 1980. Alikuwa ameshachukua uraia wa hapa. Alifariki mwaka 2003, umri wa miaka 97, nchini humu humu.

Unaweza kusema: vikao vya wakati ule vilikuwa vichache. Kweli. Lakini sababu ninayoiona mimi ni nyingine, na ninaisema kama muuguzi, si kama mwanahistoria. Tangu Lulindi yule mtu alikuwa anafundisha. Vijana wa Kimakua, Wayao, Wamakonde, wavulana kwa wasichana, wanafundishwa uuguzi sawasawa, wanapimwa kwa mitihani, hawafanywi wabeba beseni. Alipokwenda Dar es Salaam kukaa kwenye Baraza la Kutunga Sheria, wodini kulikuwa na mikono. Mama yangu alikuwa mmoja wa mikono hiyo. Namkumbuka nyumbani miaka ya baadaye, anachemsha sindano za kioo kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa. Anasubiri maji yatokote, ndipo anaanza kuhesabu muda. Akitoa anatumia koleo, bomba upande huu, sindano upande ule, na anaipitisha kila ncha kwenye pamba: ikinasa nyuzi, ni butu, inarudi kunolewa kwenye jiwe. Mtoto akisogea anakemewa kabla hajafika mlangoni. Hakuna daktari aliyekuwa anamsimamia pale. Hivyo ndivyo alivyofundishwa.

Wewe mko wawili. Siku ukiwa baraza la madiwani, halafu kamati, halafu semina, halafu msiba wa mjumbe ambao diwani hakosi, mkunga wako atakuwa na mama mwenye uchungu ndani na mtoto mwenye degedege nje. Wazee wanaokutaka udiwani wameshajibu hilo?

Kuhusu kama uwaziri wake uliwafaa watu: mimi nilianza kazi chini ya wizara yake, kwa hiyo nitasema nilichokiona. Sera ya kupeleka fedha vijijini badala ya hospitali kubwa za mjini hakuianzisha yeye, ilikuwepo tangu baada ya Azimio la Arusha. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa 1973, Mzee Ali Hassan Mwinyi ndiye waziri, watu wapatao milioni mbili wanakusanyika kwenye redio na kijitabu, wanatoka hapo wanachimba vyoo. Stirling alikuta gari linakwenda. Lakini alikuwa waziri ambaye amelala zahanati, anajua tabibu wa vijijini anakosa nini. Mpango wa chanjo wa taifa ulianza mwaka ule ule wa 1975. Mwaka 1978 dunia ikakutana Alma-Ata kutangaza afya ya msingi, na sisi wauguzi wa huku tukashangaa kusikia redioni kwamba kumbe tunachokifanya kina jina.

Kisha ikaja vita ya Kagera, mwishoni mwa mwaka huo huo, na fedha za kigeni zikakauka. Gozi tulikuwa tunafua, tunaanika kwenye kamba nyuma ya wodi, tunakunja upya, tunazipika kwenye mtungi wa mvuke. Waziri ni daktari wetu wa Mnero, na bado gozi tunafua. Kwa hiyo usiende udiwani ukidhani ukijua ugonjwa fedha zitakusikia.

Duka la Dawa, Lindi Mjini

Mama, shikamoo, umesimulia vizuri mno, lakini mwaka 1977 umeuruka kama mtu anayeruka dimbwi.

Ni chini ya waziri huyo huyo ndipo sheria ilipopitishwa ya kuzuia hospitali na zahanati za binafsi zinazofanya kazi kwa faida. Madaktari waliokuwa na vyumba vyao mijini wakafunga. Wengine wakaondoka nchini, wengine wakaingia serikalini kwa kununa. Waliobakizwa ni mashirika yaliyokubaliwa, na hapo ndipo hospitali za misheni zilipopita salama. Sasa mtu aliyefanya kazi misheni tangu 1935 mpaka 1969 anasimamia sheria inayoziacha misheni na kuwafunga wengine. Sisemi alikuwa na hila. Nasema kila mtaalamu akipata madaraka anaiona nchi kutoka kwenye dirisha la chumba alichofanyia kazi. Hiyo sheria ilikuja kulegezwa 1991. Miaka kumi na minne mtu wa Lindi mwenye shilingi yake hakuwa na pa kwenda zaidi ya foleni.

Tabibu, hilo nalo liweke kwenye mizani. Ukiwa diwani utapigania zahanati yako, ni lazima. Na kijiji cha tatu ambacho hakina hata kibanda cha afya kitasemewa na nani?

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

Marahaba. Sijauruka, nilikuwa nakusubiri.

Sheria ile ilikuwa ya chama na serikali nzima, si ya mtu mmoja, ingawa wizara ni yake na siwezi kumvua. Lakini mwaka 1977 huku Nachingwea, Liwale na Ruangwa, daktari wa binafsi wa kufungiwa alikuwa wapi? Walikuwa Dar es Salaam, Arusha, Moshi. Mwenye shilingi yake wa Lindi unayemsema alikuwa mmoja, na wasio na shilingi walikuwa kijiji kizima. Nakubali kwamba ilikatisha tamaa watu wenye ujuzi. Kwamba iliwaumiza watu wa huku, hapo hatutaelewana leo.

Mzee wa Ligula

Naona mnazungumza kana kwamba Stirling ni wa peke yake. Ruhusuni nami mzee wa Mtwara mjini niongeze mawili.

La kwanza: kabla ya kura tatu alikuwepo Dr. Vedasto Kyaruzi, Mhaya wa Bukoba, daktari wa Makerere. Mwaka 1950 alikuwa rais wa TAA, chama kilichoitangulia TANU, pale Dar es Salaam, katibu wake Abdulwahid Sykes. Serikali ya kikoloni haikumfunga. Ilimpa uhamisho tu: kwanza hospitali ya gereza Kingolwira, Morogoro, halafu Nzega. Daktari wa serikali ni mtumishi, akiambiwa funga mizigo anafunga, na chama kikayumba. Uhuru ulipopatikana akaiwakilisha nchi Umoja wa Mataifa. Sasa mlinganishe na Stirling: yule wa misheni hakuwa na wa kumhamisha kwa sababu za siasa. Tabibu, wewe mwajiri wako ni nani? Halmashauri. Na utakwenda kukaa kwenye kiti cha kuihoji halmashauri hiyo hiyo. Lifikirie hilo kabla ya posho aliyoitaja kijana wa bodaboda.

La pili: sisi wa Mtwara tumeishi jirani na hospitali ya siasa. FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walikuwa na hospitali yao hapa mjini, waliipa jina la Dr. Américo Boavida, daktari wa Angola aliyekwenda msituni na MPLA, wapigania uhuru wa kwao, akauawa 1968. Majeruhi walikuwa wanavushwa Ruvuma, wanaletwa hapa. Tulikuwa wadogo, tunaona magari yanaingia usiku yakiwa na matope mpaka kwenye vioo. Mkuu wa wapiganaji, Samora Machel, ambaye kambi yake ilikuwa hapo Nachingwea kwa mama, alikuwa muuguzi. Muuguzi wa hospitali ya Lourenço Marques, Maputo ya leo. Msumbiji ilipopata uhuru 1975, waziri wake wa kwanza wa afya akawa daktari aliyepigania FRELIMO, Hélder Martins, naye akakaa hadi 1980. Angalieni miaka hiyo: sawasawa na ya Stirling. Ng'ambo zote mbili za Ruvuma, wizara ya afya iko kwa daktari aliyeingia siasa, na zote mbili zinahangaika na zahanati za vijijini na chanjo.

Sitaki kusema daktari akiingia siasa basi mambo yamenyooka. Malawi hapo walimpata Dr. Hastings Banda, alikuwa na kliniki yake Harlesden, London, wagonjwa wakimsifu, akarudi kwao Julai 1958. Mwaka 1971 akawa rais wa maisha. Kwa hiyo koti jeupe si kinga.

Mwalimu wa Newala

Shikamoo mzee. Nyongeza fupi: Rais wa Zanzibar wa sasa, Dr. Hussein Mwinyi, ni daktari, kasomea Uturuki, akaingia bungeni mwaka 2000 kwa jimbo la Mkuranga na moja kwa moja akawa naibu waziri wa afya. Baadaye, 2012 hadi 2014, akawa waziri kamili wa afya, kiti kile kile alichokalia baba yake kabla ya Stirling. Huyo hakubeba vyote viwili. Aliingia siasa, stetoskopu akaiweka kabatini. Kwa hiyo njia zipo nyingi, tabibu.

Bodaboda Mkuti

Mzee wa Ligula unasema posho nimeitaja kijana wa bodaboda, na kijana wa bodaboda ndiye anayewaleta wagonjwa zahanati saa nane usiku. Mimi nampigia kura.

Tabibu wa Chiungutwa

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Ahsanteni sana, na Mama shikamoo tena.

Swali la nani anabaki nimelipeleka kwa wazee jana baada ya swala ya ijumaa. Wakatazamana. Mmoja akasema, "Si wataleta mwingine?" Nikamuuliza ataletwa na nani, akasema, "Si na wewe diwani?" Tukacheka, lakini nimeondoka bila jibu. La mzee wa Ligula kuhusu mwajiri ndilo lililompendeza mke wangu, amelirudia mara kadhaa huku anapika, kwa sauti ya mimi kusikia.

Ninachojiuliza sasa ni hiki. Kwenye kamati ya afya ya zahanati mimi ndiye katibu tayari, na mwenyekiti ni mwanakijiji. Mihtasari ya vikao tunaandika, tunapeleka, inakwenda kulala. Je, tatizo ni kwamba hakuna tabibu kwenye baraza, au ni kwamba diwani tuliye naye hajawahi kuisoma mihtasari hiyo? Kama ni la pili, pengine simhitaji huyo mtu awe mimi. Namhitaji diwani yeyote anayeweza kukalishwa chini akaonyeshwa daftari la MTUHA, lile la takwimu za zahanati, aone mwezi wa kumi na mbili watoto wangapi wamekuja na malaria na dawa mseto zilikuwepo siku ngapi.

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

Umeanza kuuliza vizuri. Mkalishe kabla ya kampeni, sasa hivi, wakati bado anahitaji kura zenu. Usimpelekee malalamiko, mpelekee ukurasa. Mwonyeshe kwa kidole siku ambazo dawa hazikuwepo na mkunga wako alipolala zamu peke yake. Omba mtumishi wa tatu kwa barua, nakala kwa mganga mkuu wa wilaya na kwa mtendaji wa kata, na nakala yako igongwe muhuri. Akishindwa, basi fomu utaichukua ukiwa na sababu ambayo kila mtu kijijini ameiona. Na siku hiyo, habari za likizo, mshahara na kama unaweza kurudi kazini ukishindwa, usiziulize humu jukwaani. Nenda kwa afisa utumishi akusomee waraka, tena akupe kwa maandishi.

Duka la Dawa, Lindi Mjini

Kwa hilo la muhuri namuunga mkono mama. La 1977 bado.

Muuguzi Mstaafu, Nachingwea

La 1977 njoo Nachingwea tulimalize kwa chai.

Mwalimu wa Newala na wengine mlio karibu na Lulindi, nina ombi. Kwenye daftari la mama nina majina machache ya wauguzi waliosoma naye Mnero, na vijiji walivyotoka. Wa Lulindi wa kabla ya 1949 sina hata mmoja. Wengi watakuwa wametangulia, lakini wajukuu wapo. Mwenye picha, cheti au hata jina tu aniandikie.